Mtungi wa Mama Uliokwenda Wamunyu

Tak!

Hiyo sauti naisikia hadi leo, hata nikiwa katikati ya kusuka kichwa cha mtu. Ni ule mkono wa pampu ya petroli unapojifunga, mafuta yakishafika yale uliyoomba. Tak! Halafu kimya. Halafu sauti ya Anko Kisilu kutoka ndani ya pikapu: "Ati imeingia? Imeingia wapi?"

Nyinyi wa saluni mmeniuliza ntheo ya kaka yangu ilikuwaje, na mbona tuliondoka Umoja asubuhi tukafika Wamunyu kule Ukambani jua likizama, na mbona nilirudi na ndengu ndani ya mtungi wa mafuta ya kupikia. Kila nikianza kueleza, mteja anaingia. Basi nimeandika. Someni kwa zamu na msiniwekee mafuta ya nywele kwenye karatasi.

Kwa wasio Wakamba: ntheo ni mbuzi ambao upande wa mwanamume huwapeleka kwao msichana. Bila hao mbuzi, hata mkizaa watoto wa kujaza basi, kwetu mnahesabika kama watu wanaotembeleana tu. Nawaambia mapema kwamba mbuzi walifika salama. Aliyekuwa karibu kupotelewa ni mtu mwingine kabisa, msichana wa kuuza petroli anayeitwa Nafula, na alichokuwa karibu kupoteza ni kazi yake.

Umoja hadi pampu

Tulikuwa watu watatu na mbuzi watatu. Kaka yangu Musyoka, mwenye shughuli, alikuwa ndani ya suti ya kijivu aliyoazima kwa rafiki mfupi kuliko yeye. Anko Kisilu, kaka yake mama, ndiye mwenye pikapu na ndiye msemaji wetu. Alistaafu ukarani wa kanjo, yaani halmashauri ya jiji, anaishi Buruburu, na hakuna kitu anachokiamini kabla ya kukipima mwenyewe. Mimi nilikuwa wa kuangalia mbuzi. Wazee wengine walikuwa wanatungoja huko huko Wamunyu.

Tukaingia kituo kimoja cha petroli kando ya Outer Ring. Msichana akaja akikimbia, kofia ya yunifomu imemshukia hadi kwenye nyusi.

"Karibu mzee. Angalia sifuri pale."

Pampu ilikuwa kwenye sifuri, mimi niliiona. Anko hakuiona, kwa sababu mbuzi mmoja alikuwa ameingiza kichwa kwenye dirisha la nyuma na kuanza kuonja kola ya Musyoka. Tukiwa tunamsukuma mbuzi, mafuta yakaingia. Tak! Anko akageuka kuangalia geji ya mafuta. Mshale ulikuwa umelala pale pale chini.

"Binti, umeniwekea hewa?"

"Nimeweka yote, mzee. Si uliangalia sifuri?"

"Niliangalia mbuzi."

"Sasa mzee, mimi na mbuzi..."

"Anko, twende," Musyoka akasema. "Wakwe wananingoja."

"Musyoka, ukiibiwa Nairobi ukaenda kwa wakwe, unafika kwa wakwe ukiwa umeibiwa." Akazima gari kabisa na kuutia ufunguo mfukoni. "Ndanu, kimbia kwa mama yako uniletee ule mtungi wa lita tano."

Mnaujua mtungi wenyewe, kila nyumba ya Umoja iko nao. Ule wa njano, uliokuja na mafuta ya kupikia, mafuta yakaisha ukabaki kuwa mwanafamilia. Tunanunulia maziwa, mafuta ya taa, sabuni ya maji. Muuzaji anajaza hadi shingoni na hakuna maneno. Mtaani kwetu hiyo ndiyo lita tano, na ukileta kipimo kingine watu watakuuliza umetoka nchi gani.

Mama alinipa akisema, "Usirudi bila mtungi wangu." Nikamwambia, "Mama, unakwenda hapo tu, unarudi." Mungu anisamehe.

Bado tuko kwa pampu

Niliporudi nilikuta watu wa bodaboda wamezunguka pikapu, kila mmoja na kesi yake.

"Mzae, hao ndio wao! Hiyo pampu ilinikula hata mimi Jumapili!"

"Wewe Jumapili ulisukuma pikipiki kwa sababu uliweka ya mia. Usisingizie pampu."

Supavaiza alikuwa ametoka ofisini, bwana mwembamba wa sauti ya upole, akiwa amekumbatia kipimo cha chuma cha lita tano kama mtoto. "Hiki kimepigwa muhuri na watu wa vipimo," akasema. "Tupimie hapa, mambo yaishe."

"Hicho ni chenu!" umati ukajibu. "Mwizi anajipimia!"

"Tumia mtungi! Mtungi ni wa raia!"

Kwa hiyo ikawa mtungi. Nafula akarudisha pampu kwenye sifuri, na safari hii kila mtu aliiona, hata mbuzi nadhani. Akaomba nafasi, akaweka lita tano, polepole. Tak! Tukainama wote kama watu wanaochungulia kisima. Petroli ilikuwa imeishia chini ya bega la mtungi. Kutoka hapo hadi shingoni kulikuwa hewa tupu.

"Weeeeee!"

Simu zikatoka. Kijana mmoja wa bodaboda akachomoa kalamu ya wino mzito na kupiga mstari kwenye mtungi, pale mafuta yalipofika, akisema huo ni ushahidi. Mwingine alikuwa anarekodi na kutangaza kama mpira wa redio. Anko alisimama katikati, mikono kiunoni, akiwa mrefu kuliko nilivyowahi kumwona.

Supavaiza akapangusa paji la uso. "Pampu nimeipima mwenyewe asubuhi. Iko sawa."

"Kama pampu iko sawa, basi ni nani?" mtu wa bodaboda akauliza.

Macho yote yaligeuka tu, na yakasimama kwa Nafula.

"Bosi, si mmeona sifuri? Wote mmeona."

"Nenda nyumbani kwanza," supavaiza akamwambia, bila kumwangalia. "Yunifomu uifue, uirudishe ikiwa safi."

Nafula hakulia. Alimwambia Anko kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetoa maelekezo ya njia: "Mzee, mimi nimesimama sana magetini huko Industrial Area kuomba kibarua. Hii ndiyo kazi ya kwanza nimeandikwa. Sasa unanirudisha getini." Kisha akaniona nimeduwaa na mtungi usiofungwa. Akaokota mfuniko chini, akaupangusa kwa aproni yake, akanipa kwa mikono miwili.

Hiyo mikono miwili ndiyo ilinimaliza. Tukamimina ile petroli kwenye tangi, umati ukatupigia makofi, tukaondoka kama washindi.

Outer Ring hadi Kyumbi

Tulikaa watatu mbele, mimi katikati. Anko alikuwa na furaha. Alitusimulia jinsi alivyowahi kumkamata mtu wa nyama na mzani wake pale Jogoo Road, na mtu wa makaa, na kinyozi, ingawa sikuelewa kinyozi anapunja kipi.

Kabla tu ya kuingia Mombasa Road, pikapu ikaruka tuta ambalo Anko hakuliona. Mbuzi wakalia. Musyoka akagonga kichwa. Na mshale wa geji, uliokuwa umelala tangu Umoja, ukaamka, ukapanda, ukasimama wima mahali pake.

Ndege mbili zikapita juu yetu zikishuka uwanjani.

"Anko," Musyoka akaanza.

"Nimeona."

"Si ulisema ni hewa?"

"Geji ni geji na mtungi ni mtungi. Geji ilikuwa imekwama, sawa, nakubali. Mtungi ulikwama wapi?"

Nikautazama mtungi, na mstari ulikuwa pale, mweusi, miguuni pangu. Niliangalia nje. Mnanijua, nikiona nafasi wazi najenga kichwani. Kwenye zile mbuga za kuelekea Athi River kwa kawaida najenga hoteli yangu, yenye viti vya rangi ya machungwa na chai ya tangawizi, malori yamepanga foleni. Siku hiyo kila nikijenga, mtu wa kwanza kuingia mlangoni alikuwa Nafula akiuliza kama kuna kazi.

Kyumbi, pikapu ikipumua

Pale Kyumbi, unapokata kona kuelekea Machakos, moshi mweupe ukatoka mbele ya gari. Rejeta ilikuwa imechemka. Anko akafungua boneti na kuruka nyuma kwa wepesi wa kijana.

"Maji! Ndanu, kalete maji!"

Bomba la karibu lilikuwa kavu. Nikaingia duka moja, nikatoka na ile chupa kubwa ya maji ya kunywa, ya lita tano, bado na karatasi ya kiwandani kwenye mfuniko. Nikaleta pia mahindi ya kuchemsha kwa sababu niliona Musyoka amegeuka rangi ya suti yake. Tukala tukingoja rejeta ipoe. Mahindi yalikuwa matamu na chumvi yake ilikuwa nyingi. Mbuzi walipata maganda.

Ile chupa ina mdomo mpana. Ukiimimina moja kwa moja, nusu inaogesha injini. Kwa hiyo Anko akaniambia niyahamishe maji kwenye mtungi wetu, wenye shingo ndogo. Nikafungua chupa, nikamimina polepole hadi tone la mwisho. Nikaangalia.

Maji yalikuwa yamesimama kwenye mstari. Si juu, si chini. Juu yake, bega tupu na shingo tupu, vile vile kama asubuhi.

"Anko, njoo."

Akaja na hindi mkononi. Akachuchumaa. Akaondoka, akazunguka upande wa pili, akachuchumaa tena. Akainua chupa tupu kuona kama kuna kilichobaki.

"Huenda hata hawa wa maji wanapunja," akasema hatimaye.

Musyoka akaacha kutafuna. "Anko! Yaani Kenya nzima ilikaa mkutano, ajenda ni kukupunja wewe?"

Nilicheka hadi nikashika gari. Halafu kicheko kikaisha ghafla, kwa sababu nilielewa. Ule mtungi ukijazwa hadi shingoni unabeba zaidi ya lita tano. Wenye kiwanda waliacha nafasi juu, na sisi mtaani tukaijaza. Miaka yote tumekuwa tukipewa nyongeza tukiiita haki yetu. Na Nafula alikuwa amefukuzwa kwa kutupa lita tano kamili.

"Turudi," nikasema.

"Ndanu, kuna wazee wanatungoja na jua linaondoka."

"Anko, yule dada amekwenda nyumbani kufua yunifomu airudishe."

Musyoka alituangalia kwa zamu. Alikuwa na mate ya mbuzi kwenye kola. Najua moyo wake ulikuwa Wamunyu kwa Mwikali wake, lakini akasema, "Mkisema turudi, mimi nitampigia Mwikali nimweleze."

Anko akavua kofia, akajipepea nayo muda mrefu. "Twende tumalize ya mbuzi," akasema. "Kesho, kabla sijafika Buruburu, kabla hata ya kwenda choo, tutapita pale. Neno langu ni hilo. Na huo mtungi usiguswe na mtu."

Wamunyu

Mtungi uliguswa mara tu tulipofika.

Mnajua Wamunyu ni kwa wachongaji, kila kibanda kuna twiga anayezaliwa kutoka kwenye gogo. Nyumba ya kina Mwikali iko nyuma ya vibanda hivyo, na wanawake walikuwa wametungoja langoni hadi wakachoka kuimba. Walipotuona wakaanza upya, kwa hasira kidogo. Mbuzi wakashushwa, wakakaguliwa meno na mbavu.

"Hawa ni mbuzi ama ni picha za mbuzi?" shangazi mmoja akauliza.

"Walikuwa wanene asubuhi, mama," Anko akajibu. "Ni safari imewakondesha." Wazee wakacheka, na mimi nikajua tumepokelewa.

Wakati huo bibi yake Mwikali, ambaye wote humwita Susu, alikuwa amezunguka pikapu kimya kimya. Akaona mtungi wa njano, bado na maji kidogo yaliyobaki baada ya kujaza rejeta. Akapiga kigelegele. Mtungi unaofuatana na mbuzi, kwa akili ya kila mtu pale, ni wa uki, pombe yetu ya kienyeji. Akaunyakua, akaenda nao jikoni kwake, wanawake wengine nyuma yake. Nilikimbia nikiita "Susu! Susu!" wakadhani nashangilia.

Akamimina kwenye kibuyu. Akanusa. Akagusa kwa ncha ya ulimi, akatema mlangoni.

"Musyoka!" akaita. "Hii uki yenu mmeipika ndani ya gari?"

Waliocheka, walicheka hadi wakakaa chini. Anko alijaribu kueleza habari za rejeta kwa lugha ya kikarani na akazidisha kicheko. Lakini nilipoomba mtungi wangu, Susu alitikisa kichwa. Chombo kilichoingia pamoja na ntheo hakitoki, akasema. Kimekwishakuwa cha nyumba.

Basi nikakaa karibu na moto wake, nikamweleza yote, kutoka sifuri hadi mikono miwili. Hakunikatiza. Mwisho akauliza, "Huyo msichana ni wa wapi?"

"Ni wa huko magharibi, Susu. Mluhya."

"Na Mluhya hali?"

"Anakula, Susu."

"Sawa."

Asubuhi, baada ya kula nyama hadi nikasahau jina langu, nilimkuta ameuweka mtungi mlangoni. Alikuwa ameusugua kwa majivu na mchanga, ndani na nje, ukawa unang'aa kama siku ya kwanza. Mstari wa bodaboda ulikuwa umekwenda na majivu. Na kwa sababu chombo hakirudishwi kitupu, alikuwa ameujaza ndengu hadi shingoni, za yule msichana anayekula.

Nilishika kichwa. Susu akadhani ni shukrani, akanikumbatia. Na kusema kweli zilikuwa shukrani pia.

Kurudi kwa pampu

Anko alitimiza neno lake. Alipita kona ya Buruburu bila hata kuiangalia, akaenda moja kwa moja hadi kile kituo. Bodaboda walikuwa pale pale. Supavaiza alipotuona alitaka kuingia ofisini.

"Ngoja!" Anko akasema, kwa ile sauti kubwa ya jana. "Mimi ndiye nilipiga kelele hapa. Acheni nipige nyingine."

Tulianza na ndengu. Jamani, kutoa ndengu kwenye shingo ya mtungi si kazi ya mtu mwenye haraka. Zilitoka kidogo kidogo, zikaingia kwenye beseni la kuoshea vioo ambalo supavaiza alituletea akiwa hajaelewa, na nyingine zikakimbilia chini ya magari, nami nyuma yake kwa magoti. Magari yalipiga honi. Ndengu zilipoisha, nikafungua chupa mpya ya maji ya lita tano mbele ya kila mtu, nikamimina yote.

Yakaishia chini ya bega.

Yule kijana aliyerekodi akatoa simu, akasimamisha video yake pale petroli ilipofika, akaiweka kando ya mtungi. Aliangalia simu, akaangalia mtungi. "Aisee," akasema. "Ni hapo hapo."

"Leta kile chuma chako," Anko akamwambia supavaiza. Maji yale yakaingia kwenye kipimo cha muhuri yakafika alama yake. Anko akavua kofia. "Nilikosea. Pampu haina makosa, na yule binti hana makosa. Mtungi ni wa dada yangu na mdomo ni wangu."

Supavaiza alikuna kidevu. Nadhani alijua tangu siku ile, ila simu zilikuwa nyingi. "Shifti ya kesho asubuhi ni yake," akasema. "Yunifomu akae nayo. Tatizo simu yake imezimwa tangu jana."

"Anaishi wapi?" nikauliza.

Mukuru kwa Reuben

Nilikwenda peke yangu. Anko alitaka kunipeleka lakini kope zilikuwa zinajifunga zenyewe, na Musyoka alikuwa kwenye simu na Mwikali, hayupo duniani. Nilibeba mfuko wa ndengu. Mhudumu mwenzake Nafula alikuwa amenielekeza: ukivuka mtaro, uliza kinyozi, nyuma ya kinyozi kuna mlango wa bluu.

Mlango wa bluu ulikuwa na kufuli. Jirani alikuwa nje anakaanga mandazi.

"Nafula? Ametoka giza, amekwenda magetini kutafuta kibarua. Utampata jioni. Wewe ni nani wake?"

Nikasema, "Nimeleta habari nzuri."

"Basi kaa," akasema, akanipa andazi moto, akaanza kuingiza jiko lake ndani kwa sababu mawingu yalikuwa yameshuka. Akafunga mlango wake.

Juu ya kichwa changu kulikuwa na waya wa nguo, na kwenye waya kulikuwa na yunifomu. Shati, suruali, aproni, na ile kofia imebanwa kwa kibanio. Zilikuwa zimefuliwa hadi kwenye mishono, kola imenyooshwa kwa mkono. Zilikuwa zimekauka, tayari kurudishwa.

Tone la kwanza likagonga bati. Nikaweka mfuko wa ndengu kwenye kizingiti, nikaanua shati, nikaanua suruali na aproni, nikafungua kibanio nikatoa kofia. Nikazikunja vizuri, nikazitia ndani ya sweta yangu, nikasimama kumngoja Nafula chini ya ukingo wa bati, nikiipa mvua mgongo.